Ghala ya Tende Ubavuni mwa Kadhi

Nakwambieni leo kwa kuwa wengi walioshuhudia wameshazeeka, na mkicheka chekeni: mimi nimewahi kusimama mbele ya kadhi nikichuruzika asali ya tende kuanzia kiunoni hadi kwenye ndara.

Mwaka wa sabini, ndiyo kwanza tumefika kutoka Unguja kwenye nchi ya Kiarabu ya babu zetu, mimi na mke na watoto tumebanana chumba kimoja kwa watu huko Sib, na tamaa yetu yote ni nyumba aliyoiacha babu kijijini, ambayo funguo zake anazo bin ami yangu Nasoro. Kila nikimuuliza ananambia "subiri kidogo". (Mimi tena, neno subiri nikilisikia tu nshajua naibiwa.) Nikampeleka kwa kadhi.

Mahakama yenyewe ngome kongwe ya mawe na udongo, lango kubwa lina kijilango ndani yake ili kila aingiaye ainame, hata mwenye haki, na juu yake pana tundu walilokuwa wakiwamwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Vita vimekwisha, ghala ya tende ikabaki, ubavuni mwa chumba cha kadhi.

Nasoro akaitwa mwanzo, mimi nikaambiwa ningoje. Nikachungulia: kahawa inamiminwa, kadhi na Nasoro na wazee wa mji wanaulizana habari za mvua, za mifugo, za wagonjwa, haziishi! (Ndiyo desturi ya kule, kesi haianzi mpaka habari zimalizike, lakini mimi nikasema ahaa, hawa washakula njama.) Kisha sauti zikashuka. Mlango wa ghala u wazi, nikajipenyeza, nikatega sikio ukutani.

Nikamsikia Nasoro: "Shekhe, ile nyumba ya babu asipewe."

Wallahi damu ilinipanda! Nikageuka nitoke mbio, kumbe sakafu ina mifereji, magunia ya tende yamepandana na asali inajichuja yenyewe kuingia mtungini. Nikateleza, mtungi ukapasuka nami juu yake. Nikaingia kwa kadhi hivyo hivyo, nzi nyuma yangu.

"Mwizi we! Nataka nyumba ya babu yangu, siitaki nyengine!"

Kadhi akamgeukia Nasoro: "Huyu ndiye unayetaka kumpa nyumba yako, kwa kuwa ile ya babu imeanguka dari naye ana watoto wadogo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nasoro, nshamwita mwizi mbele ya wazee wote, akaweka kikombe chini polepole.

"Mpe anachokitaka, Shekhe."

Nikapewa. Kuta tatu na mbuzi wa jirani. Mke wangu alikaa juu ya jiwe akalia, wala hakunisema, na bora angenisema. Kesho yake Nasoro akaleta makuti ya mtende ya kuezekea, akayatua, akaondoka bila ya salamu, na mpaka leo akiwa na neno nami humtuma mkewe.

Basi toka siku ile, mtu akisema namwacha amalize kwanza, ndipo nikasirike.