Kidonda Kilicholiwa na Kuku

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na aibu mpaka dukani nilinyoosha kidole badala ya kusema nataka sabuni. Kwa hiyo mama aliponiomba niwe mgonjwa wake mbele ya walimu wa chuo cha uuguzi, nilimwomba anichape tu yaishe.

Mama alikuwa muuguzi wa vidonda hapa Tunduma. Alirudi masomoni ukubwani, akamaliza shahada, na sasa alitaka kufundisha. Siku hiyo angefundisha somo moja la majaribio. Wakiridhika, kazi ni yake. Wasiporidhika, anapewa mwingine. Kuleta mgonjwa wa kweli alikataa kabisa.

"Mtu na kidonda chake si maonyesho," alisema, akanivua soksi.

Alinitengenezea kidonda kisiginoni kwa ugali na nyanya, akapaka machicha ya kahawa yawe nyama iliyokufa. Mwisho akanyunyizia maji ya dagaa, eti mwanafunzi aanze kukisoma kidonda kwa pua. Kwa kweli kilipendeza vibaya sana.

Dereva wa bodaboda aliyetupeleka alikitupia jicho, akaguna. "Mama, huyu mkimbize hospitali ya Mbeya. Hao wanafunzi wa chuoni watamkata mguu!"

Tulipofika, mama aliingia kupanga vifaa. Mimi aliniacha nje kwenye benchi, mguu juu ya kigoda. "Usiutikise, kitabanduka."

Akaja kuku. Alikitazama kidonda kwa jicho moja, akageuza kichwa akakitazama kwa jingine, akadonoa. Nikasema "shii" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kutikisa mguu nimekatazwa, kupiga kelele siwezi. Kuku akaita wanawe.

Nilipoitwa ndani, kilichobaki ni shimo na ganda la nyanya. Mama alikuwa ameshika koleo dogo la hospitali, akieleza namna ya kuondoa nyama iliyokufa. Akainama, akainuka.

"Nani amekisafisha?"

Walimu watatu wakanikodolea macho. Nikinyamaza, wataona mama hakujiandaa.

"Kuku," nikanong'ona.

"Mgonjwa, ongeza sauti," akasema mkuu wao, mzee wa miwani.

"KUKU! Shikamoo!"

Walicheka mpaka mmoja akalaza kichwa mezani. Mama hakucheka hata kidogo.

"Haya, walimu wangu. Mgonjwa kaletwa kutoka shambani, kidonda kimedonolewa na kuku. Tunaanza na nini?"

"Spiriti!" akajibu yule wa mezani.

"Spiriti hapana, baba. Utamuunguza hata palipo pazima."

Wakaanza kubishana kama wanafunzi. Mama akawafundisha kuosha, kupima kina, kufunga bandeji, mpaka muda ukapita na hakuna aliyetazama saa.

Wawili walipotoka, mzee wa miwani alibaki. Akafunga mlango, akakaa, akavua kiatu. Soksi ilikuwa imegandia kidoleni.

"Mwalimu, Jumatatu uanze kazi," alimwambia mama. "Ila hiki changu nitazamie leo."

Mama akavaa glavu mpya, akamuuliza kilianza lini.