Fundi Barafu na Bunduki Yake ya Rangi

Fundi Barafu alikuwa mtu wa amani kupita kiasi. Mjusi akiingia chumbani, yeye ndiye aliyetoka. Katika miaka ishirini ya kutengeneza friji hakuwahi kugombana na mteja hata mmoja, kwa sababu mteja akija juu, yeye alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo siku aliporudi nyumbani na bunduki kwapani, mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, aliusimamisha mguu juu ya pedali.

"Baba watoto, nini hiyo?"

"Bunduki."

"Umemuua nani?"

"Ya mchezo hii. Inapiga vidonge vya rangi. Watu wazima wanajigawa makundi mawili, wanavaa barakoa, wanapigana. Ukipakwa rangi, unatoka."

"Watu wazima," mkewe alirudia polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akaendelea kushona.

Bunduki yenyewe ilitoka kwenye hoteli iliyofungwa, alikoitwa kung'oa mashine za chumba cha baridi. Stoo walikuwa wakiuza vitu chakavu, nayo ilikuwa imelala chini ya ndoo ya kudekia. Haikuwa na heshima yoyote. Kifyatuo kilikuwa kimekwama, mtutu umejaa rangi iliyokauka kama uji wa jana, na kila kiungo kilivuja gesi. Mwingine angeona takataka. Fundi Barafu aliona friji yenye mtutu: gesi iliyobanwa, vali, springi, pete za mpira. Mambo hayo angeyafanya hata amefumba macho.

Wiki ya kwanza aliifungua yote, skrubu kwa skrubu, akavipanga vipande juu ya sinia la kuwatolea wageni chai. Mtutu aliuloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, akapitisha kitambaa kwa waya mpaka ndani kukang'aa. Pete za mpira zilikuwa zimekakamaa na kupasuka kama visigino wakati wa kiangazi. Akazibadilisha moja moja na kuzipaka grisi. Akafunga mtungi wa gesi, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, kama afanyavyo kwenye mabomba ya friji. Povu likatulia tuli: hapakuvuja popote. Akafyatua mtutu mtupu.

Pah! Mkewe akajichoma sindano.

Angeishia hapo, leo tungesimulia habari za mtu mwenye akili. Lakini bunduki ikishapona huanza kudai mavazi. Kishikio cha plastiki kilimuudhi, akachonga kingine kutoka mguu wa kitanda cha wageni, na tangu siku hiyo wageni walilala wakiteleza upande mmoja. Akaipiga msasa mwili mzima, msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, akaipulizia rangi ya samawati tabaka nne, na kila tabaka alilisubiri siku mbili likauke. Akamwomba mkewe ashone mkoba wa mahameli wenye sponji ndani. Mwisho akamwita mchora mabango, naye akaandika ubavuni kwa herufi za dhahabu: SINA HURUMA.

Mwenye duka la maziwa akaja kwa mara ya nne.

"Fundi, friji yangu ulisema Jumatatu."

"Kweli nilisema," alijibu Fundi Barafu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa chake cha kung'arishia. "Lakini hukuniuliza Jumatatu ya lini."

Mwenye duka alimtazama, akaitazama bunduki mezani, akasoma maandishi, akaaga kwa adabu zote. Fundi Barafu akabaki ameduwaa: mlango wa nyuma haukuhitajika! Habari zikazagaa mtaani. Waliokuwa wakimwita "we fundi" wakaanza kumwita "mzee wangu." Naye akaanza kutembea mikono nyuma, na kukohoa kabla ya kusema neno.

Basi Jumapili moja akaenda kwenye mchezo, katika kiwanda cha matofali kilichohamwa. Wachezaji walikuwa vijana wa maofisini. Alipofungua mkoba wa mahameli, wote wakasogea kuchungulia.

"Mzee, hii umeagiza wapi?" aliuliza kapteni.

"Hii haiagizwi."

Wakampanga mstari wa mbele. Kwa kuwa kundi lao lilipungukiwa na mtu mmoja, mkewe, aliyekuja kumsindikiza tu, alipewa barakoa na bunduki ya kukodi iliyofungwafungwa kwa mpira.

Filimbi ikalia. Fundi Barafu alikimbia hatua sita, akajitupa nyuma ya rundo la matairi. Akachungulia: mbele matope, kushoto kokoto, hewani rangi ya njano inaruka. Akaitazama Sina Huruma. Tabaka nne! Akaikumbatia, akajikunja juu yake kama kuku juu ya mayai, akawageuzia maadui mgongo.

"Mzee, piga!"

"Itachafuka!"

Kwa kanuni doa moja lilitosha kumtoa, lakini hakuinuka, maana kuinuka kungeiacha bunduki wazi. Wakampaka mgongo mzima mpaka mwamuzi akawahurumia, yeye na matairi.

Mkewe je? Mtu aliyetunga uzi kwenye tundu la sindano kwa miaka ishirini, shabaha utamfundisha nini? Aliwatoa watatu. Wa mwisho alikuwa amejificha nyuma ya pipa, kiwiko tu nje.

"Nilikisubiri kiwiko," alieleza baadaye. "Kiwiko hakinaga subira."

Raundi ya pili ilipokaribia, bunduki ya kukodi ikaanza kukohoa.

"Mzee, mpe mama hiyo ya kwako," kapteni alisema.

Fundi Barafu akaukumbatia mkoba. "Hii si ya kupigia."

"Ya nini basi, baba watoto?" mkewe akauliza.

Alifikiri kwa dhati kabisa. "Ya kuwa nayo."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Vijana wakafuata. Yeye mwenyewe alicheka wa mwisho, kidogo, kwa aibu. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo mbovu niisikie." Akaiweka sikioni. "Pete ya chini imekwisha." Akatoa pete mpya mfukoni, akazungusha spana, na kabla maji ya kunywa hayajawazunguka wote, bunduki ilikuwa nzima. Jioni ile watu tisa walimpangia foleni, kila mmoja na mgonjwa wake.

Sasa kila Jumapili wanakwenda wote wawili. Mume ana meza yake chini ya turubai. Mke ana barakoa yake mwenyewe, na vijana wanamwita Sindano. Juzi alitoka uwanjani matope mpaka masikioni, akaitupa bunduki mezani.

"Imekwama. Fanya haraka, wananisubiri."

"Panga foleni, mama watoto."

"Foleni? Mimi mkeo!"

"Nyumbani mke. Hapa mteja."

Akapanga, wa tatu, huku akiwasimulia wenzake kwa sauti jinsi mafundi walivyo watu wasio na shukrani.