Kupanga Njia Kabla ya Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niiache pikipiki. Nilikuwa nimepanda nayo milima ya Mbooni tangu alfajiri. Nilikuwa nimeiosha, nimekaza mnyororo na kuvaa buti za kuazima, nikidhani nimeitwa kwa sababu mimi ni fundi wa bodaboda. Mkuu wa Njia, mzee mrefu aliyestaafu kutoka idara ya kuhifadhi udongo, aliitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani shambani mwake.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kujaribu njia, mzee."

"Njia iko wapi?"

Niliutazama mlima: mawe na vichaka tu.

"Basi iache hapo kibandani, yule mama atakuangalizia. Wewe utembee kwanza. Ukishajua nani analima wapi, ndiyo uje uniambie habari ya magurudumu."

Tulitembea siku kumi na mbili.

Nieleze kwa wale ambao hawajawahi kuyaona mashindano yetu. Mashindano tuliyokuwa tukiyaandaa si ya mbio. Pikipiki ni nyepesi, haina kiti, na mwendeshaji husimama muda wote. Anapelekwa mahali pabaya, pengine mawe yaliyopandana au mteremko wenye mizizi, na anatakiwa apite bila mguu wake kugusa chini. Mahali hapo tulipaita kituo. Akigusa mara moja anaandikiwa alama moja. Akianguka au injini ikizima, tano. Asiyegusa kabisa anaandikiwa sifuri, nasi tulisema amepita safi. Baada ya siku tatu, mwenye alama chache ndiye mshindi. Kila jioni pikipiki zilifungiwa ndani ya ua tuliouita zizi, na mwenyewe hakuruhusiwa kugusa hata nati moja mpaka asubuhi.

Sisi watu wa njia tulitafuta vituo, tukaviwekea utepe mwekundu kulia na wa buluu kushoto, kisha tukavipitia sisi wenyewe kwa pikipiki kuhakikisha kwamba vinapitika. Kazi yetu ilikwisha siku ambayo wengine walianza yao.

Shule niliachia darasa la nane. Kijitabu cha kanuni nilikisoma na kamusi pembeni, mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa. Kipimo cha mteremko nilijitengenezea kwa kipimapembe cha mwanafunzi, uzi na nati ndogo ya kuning'inia. Mkuu wa Njia alikichukua, akakigeuzageuza, akakilinganisha na chake cha idarani.

"Kinasema kweli," alisema, akanirudishia. Hakuwa mtu wa kusifu. Maneno hayo mawili nimeyaweka hadi leo.

Mwaka wa pili nilipewa Kanyangi, upande wa Kitui, ambako siku ya pili ya mashindano ilipita kwenye mito ya mchanga. Mgeni anaona mto mkavu, uwanja wa bure. Lakini akina mama huchimba visima vya maji humo humo mchangani, na kisima cha wiki hii sicho cha wiki ijayo. Nilijifunza kuwauliza wanachimba wapi, na zaidi ya hapo wanafikiri watachimba wapi maji yakishuka. Mmoja aliniuliza kama hizo pikipiki zetu hunywa maji. Nikasema hapana, ni petroli tu. "Basi heri," alisema. "Punda wanatosha."

Mwaka wa tatu nilipelekwa Migwani, kwenye miamba. Huko watu wamejenga vikuta vidogo juu ya mwamba ili maji ya mvua yaelekee kwenye tangi. Pikipiki haipiti juu ya mwamba wa aina hiyo, hata ungekuwa kituo kizuri namna gani, kwa sababu tone la oili likianguka, watu watalinywa. Niliuona mwamba mmoja uliokuwa na kila kitu mwendeshaji anachokitamani: ngazi tatu za asili na kona kali juu kabisa. Nilisimama chini yake kama mtu aliyesimama nje ya dirisha la duka. Kisha niliandika kwenye daftari, "Haufai. Maji."

Daftari hilo ndilo lililoniponza. Lilikuwa na safu nne nilizozipiga kwa rula: jina la mwenye shamba, mahali, kipimo cha mteremko, na ruhusa. Kwenye safu ya ruhusa niliandika ndiyo au hapana. Niliupenda sana unadhifu wake.

Mwaka wa tano Mkuu wa Njia alinikabidhi Mbooni peke yangu. Alikuwa amezidi kupumua kwa shida kwenye miinuko, na sote tulielewa kwamba kama Mbooni ingekwenda vizuri, mimi ndiye ningeshika nafasi yake. Kituo changu cha saba kilianzia kwenye korongo, kikapanda mawe, kikakata pembe ya shamba la mjane mmoja, Mama Syombua, na kutokea barabarani. Shamba lake ndilo la juu kabisa. Mashamba sita yaliyo chini yake yalikuwa ya mashemeji na majirani waliochimbiana matuta kwa zamu, na yeye akitufungia njia, wote wangetufungia. Nilimwendea mwezi wa tisa. Shamba nililiona likiwa tupu, udongo mwekundu na mabua makavu. Tuliongea vizuri, akanipa uji, nikaandika ndiyo.

Siku nne kabla ya mashindano nilirudi na wajaribu wawili na pikipiki tatu. Shamba lilikuwa tupu vilevile. Tawi la miiba lilikuwa limelala kwenye kijia cha kuingilia. Nilidhani upepo umelileta, nikalisukuma kando kwa buti. Tulipita pale mara nyingi, tukarudia, tukasogeza utepe, tukarudia tena. Pikipiki hizi zikipanda hurusha udongo nyuma kama kuku anayepekua. Nilipoinama kuokota kigingi niliona mbegu ya mahindi juu ya udongo. Kisha kunde. Kisha nyingine.

Mimi ni mtoto wa Ukambani. Nimepanda udongo ukiwa mkavu tangu utotoni, kama kila mtu huku, kwa sababu anayengoja mvua ndipo apande huwa amechelewa. Najua kwamba mwezi wa kumi shamba tupu si tupu. Najua pia kwamba tawi la miiba njiani maana yake shamba limepandwa, usipite. Lakini daftari lilisema ndiyo, nami nililiamini daftari kuliko macho yangu.

Katibu wa Mashindano alipopata habari alipiga simu. Alikuwa mtu wa haraka, na programu ilikuwa imekwisha kuchapishwa.

"Mwambieni huyo mama tutarekebisha baada ya mashindano," alisema.

Mkuu wa Njia alikuwa amesimama karibu nami. Aliichukua simu mkononi mwangu. "Baada ya mashindano mvua itakuwa imenyesha, Katibu. Utarekebisha nini?" Akaikata, akanigeukia. "Nenda kwake. Mimi sitakuja. Ruhusa uliitafuta wewe."

Nilimkuta Mama Syombua amekaa kwenye kigoda akipura mbaazi. Inaonekana habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mwaitu, nimekuja," nilisema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima.

"Nimekuona. Leo umekuja bila kelele."

"Nimeharibu. Nilikuwa nimeandika kwamba umeniruhusu."

"Lete nione."

Nilimpa daftari. Alilishika mbali na macho, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina lake.

"Umeandika ndiyo," alisema. "Nami nilikwambia, pita, lakini kabla sijapanda. Sasa hiyo lakini yangu uliiweka wapi?"

Nilizitazama zile safu zangu za rula.

"Au haikutosha kwenye hiki kisanduku?"

"Haikutosha, mwaitu."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akanirudishia daftari. Nilimwambia nitaondoa kituo na kupanda upya kila mahali tulipopita. Aliokota mbaazi zilizoruka, akazirudisha kwenye rundo.

"Mbegu utapata kwangu, nisije nikapandiwa za kununua. Na usinipandie kama mtu wa mjini. Hatua moja, mashimo matatu. Ukimaliza nitaangalia. Ndipo nitajua niwaambie nini hawa wa chini."

Nilianza asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimefika shimo la ishirini hivi niliposikia mtu anahema nyuma yangu. Ni Mkuu wa Njia, na jembe begani. Alichukua mstari wa pili, akainama, tukafanya kazi. Mimi nilichimba, nikaweka mahindi mawili na kunde moja, nikafukia kwa mguu. Yeye alifukia kwa mkono. Tulipofika kwenye tuta lililoporomoka ukingo tulilijenga upya kwa namna ya fanya juu, yaani unachimba mtaro na udongo wake unautupa upande wa mlimani.

"Haya matuta nilipima mimi," alisema tulipokaa kupumzika. "Nilikuwa na umri wako. Mume wake alishika ile ncha nyingine ya kamba."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Uliuliza kipimo cha mteremko."

Kazi ilituchukua siku mbili. Siku ya tatu Mama Syombua alitembea mistari yote, akafukua mahali pawili kwa kidole, akafukia. Alisimama kwenye mstari wangu, akasimama kwenye wa Mkuu wa Njia.

"Huu wa mzee umepinda," alisema. "Wako umenyooka. Haya, waambie watu wako wapite huko korongoni. Nitaongea na hawa."

Vituo vya Mbooni vikawa tisa badala ya kumi, na cha saba hakikuwapo. Hakuna mwendeshaji aliyejua. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, saa nane mchana, tukiwa Kanyangi, mvua ilinyesha kubwa, mto ukafurika, na vituo vinne vikazolewa na utepe wake. Katibu alizunguka chini ya turubai akiwa ameshika kichwa. Mimi nilisimama nje nikilowa, nikiangalia upande wa Mbooni ulivyokuwa mweusi kwa mvua juu ya mbegu zetu, na nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Mkuu wa Njia alinikabidhi kazi mwaka uliofuata. Tulimzika miaka miwili baadaye. Niliifanya miaka kumi na mmoja, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga safu ya tano kwenye daftari. Juu yake niliandika, Lakini. Safu hiyo ndiyo iliyojaa kuliko zote: lakini si Jumapili wakati wa ibada, lakini ng'ombe akizaa rudi uulize, lakini usikate ule mti, aliupanda marehemu. Ninyi vijana mnaopanga njia kwa ramani ya simu, fanyeni. Ramani ni nzuri. Ila safu hiyo haimo ndani yake.

Niliacha kwa sababu ya goti la kulia. Siku hizi mashindano ni ya siku moja, kwenye uwanja ulio kando ya barabara kuu, juu ya magogo, matairi na vipande vya zege. Vituo havibadiliki, na hakuna mtu wa kuombwa. Nilikwenda mara moja. Waendeshaji ni hodari kuliko wa zamani, nasema kweli. Nilirudi nyumbani mapema.

Ninachokitamani si mashindano. Ni zile siku kumi na mbili za kutembea, utepe ukiwa mfukoni, mlima ukiwa bado haujasikia injini, na mzee mmoja mbele yangu akisimama kila baada ya mita hamsini, akijifanya anaangalia udongo kumbe anatafuta pumzi.

Mama Syombua bado analima. Kila mwaka, mwezi wa kumi, hunipigia simu.

"Mwanangu, kesho napanda. Kama mna pikipiki, zileteni leo."

"Hakuna pikipiki, mwaitu. Ziliisha."

"Najua. Nakwambia tu."

Mwaka huu amepiga tena. Niliandika kwenye daftari, safu ya tano, kisha nikapanda gari hadi Mbooni na kutembea kile kituo cha saba kwa miguu, na fimbo, kutoka korongoni hadi barabarani. Mawe ni yaleyale. Kwenye pembe ya shamba nilisimama mahali ambapo mstari wa Mkuu wa Njia ulipinda. Tawi la miiba alikuwa amekwisha kuliandaa, limeegemezwa kwenye ukingo, likingoja kesho. Nilipotoka nililivuta, nikalilaza mimi mwenyewe njiani nyuma yangu.