Tulivyokwenda Kutalii na Shangazi

Tulikuwa wasichana watatu, mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu Tarime mjini, na sote tulikuwa na aibu moja: hatukuwahi kufika nje ya nchi. Wenzetu wenye ndugu Dubai walikuwa wanarusha picha mtandaoni, wamesimama mbele ya majengo ya vioo, nasi tunazitazama tukiwa tumejibana kwenye kitanda kimoja bwenini. Kidole kilizipenda zile picha, moyo ulizichukia.

Mtu wa Tarime kusema hajafika nje ya nchi ni jambo la kuchekesha kidogo. Kenya iko hapo. Mimi nimezaliwa Genkuru, karibu na mgodi wa dhahabu, na nikiwa mtoto nilivuka mpaka mara nyingi kuliko nilivyovuka barabara ya lami. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye aliolewa upande wa pili. Tulipita kwenye mashamba ya mahindi, na hakuna aliyetuambia kwamba hindi hili ni la Tanzania na lile ni la Kenya. Lakini safari zile hatukuzihesabu. Zilikuwa za misiba, au za kupeleka kuku. Huwezi kurusha mtandaoni picha yako ukiwa umebeba kuku kichwa chini ukaandika kwamba uko nje ya nchi.

Kwa hiyo tuliamua kwenda Kisumu, rasmi, kwa vibali vyenye muhuri. Nairobi ilikuwa ghali na Kampala ilikuwa mbali. Mmoja wetu, aliyetokea Mbalibali huko wilaya ya Serengeti, aliandika ratiba ya siku tatu kwenye daftari la saikolojia ya elimu. Alikuwa mtu wa mipango. Aliandika hadi saa tutakayopiga picha ziwani. Wa tatu alikuwa binti wa muuza vitambaa wa Tarime mjini, ambaye babu yake alihamia kutoka Tanga, na yeye ndiye tuliyemteua kuwa msemaji, maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Siku moja aliuliza kwa upole kwa nini tusiende Musoma, ambako ziwa ni lilelile na hakuna kibali. Tulikubaliana swali hilo lisiulizwe tena.

Pale mpakani Sirari kuna jengo ambalo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa dirisha kwa dirisha. Ofisa wa makamo alipokea karatasi zetu akauliza tunakwenda kufanya nini. Msemaji wetu akasema tunakwenda kutalii. Ofisa aliweka kalamu chini.

Aliuliza kama tuna msiba. Tukasema hapana. Mgonjwa? Hapana. Biashara? Hapana. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu sura yangu ni ya kwetu kabisa, akauliza kama nina ndugu upande wa pili. Nikasema sina. Nilimkana shangazi yangu wa damu mchana kweupe, kwa sababu niliona mtalii mwenye shangazi si mtalii, ni mgeni tu. Ofisa alitikisa kichwa akagonga muhuri. Nilipiga picha ule muhuri kabla wino haujakauka.

Shangazi alikuwa na kibanda chake ndani ya soko la Isebania, mara tu ukivuka mpaka, na mimi nilikuwa nimepanga tupite stendi haraka bila kukaribia sokoni. Nilijifunika kitenge kichwani hadi kwenye nyusi. Sikujua kwamba siku hiyo alikuwa ameamua kufuata wateja stendi. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, sinia la ndizi mbivu mbele yake, na tulikuwa tumeshampita nilipomsikia.

“Mwendo huo ni wa kaka yangu,” alisema kwa Kikurya. “Geuka nikuone.”

Niligeuka. Nikamwamkia, na wenzangu wakamwamkia, shikamoo tatu zikafuatana kama watoto wa shule. Aliitikia vizuri, akatupa ndizi, akauliza tunakwenda wapi. Nikasema tunakwenda Kisumu kutembea.

“Kutembea kwa nani?”

Nikasema si kwa mtu. Tunakwenda kuutembelea mji.

“Mji hauna mwenyewe?”

 Nilijaribu kueleza: kuna watu wanasafiri ili waone tu, kisha wanarudi. Alisikiliza kwa makini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa na huruma. Macho yake yalishuka tumboni kwangu, yakapanda tena usoni. Kwa watu wa kwetu Kisumu ni hospitali. Ukisikia fulani amepelekwa Kisumu, unaanza kuulizia hali yake kwa sauti ya chini.

Alimvuta pembeni binti wa muuza vitambaa, aliyemwona kuwa ndiye mwenye akili, akamuuliza ni mimba au ni damu imepungua. Rafiki yangu alinitetea kwa Kiswahili kizuri sana. Alimwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mzima wa afya, na wao watakuwa nami muda wote. Ukitaka kumwambia mtu kwamba ndugu yake amezidiwa, hayo ndiyo maneno unayotumia.

Shangazi alirudi, akamkabidhi jirani yake sinia na ndoo, akafunga ndizi zilizobaki kwenye khanga, akaingia kwenye gari la Kisumu. Alikaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Nilimwambia si lazima aje. Alijibu bila kugeuka kwamba hakuna aliyesema ni lazima.

Kwenye ratiba ilikuwa imeandikwa kwamba tukifika tutatafuta gesti ya bei ya chini karibu na stendi na kulala watatu kitanda kimoja. Shangazi aliitazama ile gesti kutoka upande wa pili wa barabara, akasema hapana, mara moja tu. Akatuacha tumesimama na mabegi, akaingia sokoni. Hakuwa na ndugu Kisumu, na Kidholuo chake kilikuwa cha kununulia samaki tu. Haikupita saa moja akarudi na mama mnene mcheshi aliyekuwa akiuza tumbaku na karanga, mzaliwa wa kwetu aliyeolewa huko miaka mingi. Walikuwa wameshatafuta ukoo wakaupata: bibi wa yule mama na mama mkwe wa mtu fulani walitoka nyumba moja. Tulilala kwake siku zote mbili, juu ya mikeka, na asubuhi tulimenya karanga. Nimewahi kusoma kwamba watalii hupenda kuishi na wenyeji ili waonje maisha halisi. Sisi tuliyaonja mpaka kucha zikauma.

Aliyeteseka zaidi alikuwa mwenye ratiba. Kila jioni alifungua daftari, akafuta mistari, akaandika upya, na kila asubuhi shangazi akaivuruga bila kujua kwamba ipo.

Mimi nilipata furaha moja ambayo sikuitarajia. Tarime walimu walikuwa wakinicheka kwa sababu ya ulimi wangu. Sisi tuliolelewa kwa Kikurya herufi ya L hutupa shida, na mimi nikichoka huwa ninarara na kura badala ya kulala na kula. Mchana wa kwanza tulipoingia kwenye hoteli ndogo ya chakula, niliagiza mimi, kwa adabu tuliyozoea: samahani dada, naomba uniretee wari na samaki kama upo. Yule dada alisimama akitabasamu, akamwita mwenzake jikoni aje asikie. Walisema Kiswahili changu ni kitamu kama cha Zanzibar. Binti wa muuza vitambaa, mwenye Tanga ndani ya damu yake, aliagiza baada yangu na hakuna aliyemwita mtu.

Siku ya pili tulikwenda kwenye bustani ya wanyama iliyo nje kidogo ya mji. Shangazi alipoelewa kwamba tunalipa ili kuona pundamilia, alimgeukia yule wa Mbalibali na kumuuliza kama kwao hawapo. Wapo, alijibu. Wanapita nyuma ya zizi. Tembo ndio wabaya. Mwaka juzi walimaliza mtama wote, na baba yake alikesha wiki nzima akipiga debe.

“Sasa wa huku unawalipia kwa nini?”

 Rafiki yangu alisema maisha yake yote hajawahi kumtazama mnyama bila kuwa na kazi ya kumfukuza. Shangazi aliona hilo lina maana, akaingia na yeye.

Simba alikuwa nyuma ya wavu, mzee, amelala ubavu, nzi wamemjaa puani. Yule wa Mbalibali alisimama hapo muda mrefu kuliko popote. Kwao simba alikuwa ni ng'ombe aliyekutwa asubuhi amebaki miguu. Watalii wengine walipiga picha wakaondoka. Yeye hata simu hakuitoa. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekuta adui yake amelazwa wodini, “Hata yeye nzi wanamshinda.” Akaomba tuondoke.

Kutoka hapo tulishuka ziwani.  Shangazi alikuwa ametutangulia, anatembea haraka, khanga imeshikwa mkononi. Tulimkuta amesimama ukingoni akitazama mbele, na mbele hapakuwa na maji. Magugu maji yalikuwa yamefunika kila kitu, kijani kutoka kwenye mawe hadi mbali, na ndege weupe wakitembea juu yake kama wako shambani.

“Maji yako wapi?” aliuliza.

Nilimwambia yako chini, na nilikuwa karibu kucheka, lakini nikamwona uso. Akakaa kwenye jiwe. Ndipo akatueleza jambo ambalo nilikuwa ninalijua nusu. Mume wake alilazwa Kisumu kabla hajafariki. Hilo nilikuwa ninalijua, nilikuwa darasa la nne. Sikujua kwamba yeye alikaa naye hospitalini wiki saba. Alikuwa anafua nguo za mgonjwa na kuzianika ghorofani, na kutoka kule aliliona ziwa, jeupe, linawaka. Kila siku alijiambia kesho nitashuka nilione. Mume wake mwenyewe alimhimiza, alimwambia nenda, mimi sitakimbia. Hakwenda. Alihofia kwamba akiondoka, ndipo litakapotokea. Lilitokea asubuhi moja, yeye yuko kando ya kitanda, na gari lililobeba jeneza lilitoka mjini likiwa limelipa ziwa kisogo.

“Nimeishi na hasira nalo,” alisema. “Leo nimekuja kulitazama, na lenyewe limejifunika.”

 Ni binti wa muuza vitambaa aliyeinuka, akaenda kwa mwenye boti aliyekuwa akiita watu, akazungumza naye. Boti ilikuwa na injini na ingeweza kupasua magugu hadi kwenye maji safi. Kwenye ratiba boti haikuwemo, maana ilikuwa inakula chakula chetu cha siku ya mwisho. Mwenye ratiba alilitazama daftari, akalifunga, akatoa pesa.

Shangazi, ambaye hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini, aliingia wa kwanza. Tulivalishwa maboya ya rangi ya chungwa. Injini ilinguruma, ikakwama kwenye majani, mwenye boti akaisafisha kwa mkono, tukaendelea hivyo kidogo kidogo, hadi ghafla majani yakaisha na ziwa likafunguka. Yule wa Mbalibali alianza kutapika papo hapo. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ubao kwa mikono miwili. Simu ilikuwa mfukoni na ilibaki mfukoni.

Shangazi aliinama, akachota maji kwa kiganja, akanawa uso. Alifanya hivyo mara tatu au nne. Sikuweza kujua ni maji gani yalikuwa ya ziwa. Kisha akamuuliza mwenye boti kwetu ni upande gani. Alipoonyeshwa kusini, nyuma ya vilima, alitazama huko, akataka kujua kama maji haya yanafika hadi Tanzania. Mwenye boti akasema yanafika.

“Nayo yana kibali?”

Mwenye boti alicheka sana. Yeye hakucheka; alikuwa anauliza. Ila tuliporudi nchi kavu alikuwa mchangamfu, akanunua samaki wa kukaanga, akamlisha mgonjwa wetu wa boti kwa mkono wake, na kumsema kwa kuja ziwani na tumbo tupu.

Nyumbani habari zilifika kabla yetu. Baba alinipigia simu nikiwa bado Migori, upande wa Kenya, akaniambia amefurahi kusikia wamenipima na hawakuona kitu. Nilijaribu kumweleza. Aliniambia nipumzike.

Picha tulizorudi nazo ni chache. Kuna moja ya muhuri, moja ya sahani ya samaki, na moja niliyopigwa na mama wa karanga, nimeshika sinia, nimetazama chini. Niliirusha hiyohiyo. Mwenzetu wa Dubai aliuliza kama niko kwetu kijijini.

Mwaka uliofuata shangazi aliwakusanya akina mama wanane wa soko la Isebania, wakakodi gari, wakaenda Kisumu siku mbili. Waliondoka na sufuria zao, na walivaa vitenge vya sare. Hawakuwa na mgonjwa, na hawakuwa na msiba. Walikwenda kuona. Nilimpigia nikamuuliza kwa nini hakutualika. Alisema alitufikiria, lakini wenzake waliona sisi watoto tunaandika sana na tumbo letu halijui boti.