Siku Godoro Langu Liliposhushwa Gorong'a

Mimi ni fundi wa sofa, na nasema bila aibu kwamba katika kata nzima ya Nkende hakuna anayebana kitambaa kama mimi. Ndiyo maana rafiki zangu wawili waliponijia na habari ya lile gari la wagonjwa, sikuuliza injini ikoje. Niliuliza godoro litakuwa la upana gani.

Gari lenyewe lilikuwa limelala uani kwa rafiki yangu makanika, majani yameota mpaka kwenye rimu. Alilichukua mnadani akitegemea kuuza vipuri, na hakuna aliyevitaka. Rafiki yetu wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeleta wazo: tuligeuze gari la kulala, kama yale ya Wazungu yanayopita kwenda mbugani, yenye jiko, kitanda na mapazia. Makanika alicheka mpaka akakaa chini. Kisha mwalimu akatueleza sababu, na kicheko kikaisha.

Baba yake, mzee wa kijiji cha Gorong'a, amechunga ng'ombe tangu utotoni. Ujanani kila kiangazi alikuwa akiwaingiza hifadhini kuiba majani, akijua kabisa anafanya nini, na kila kiangazi askari walimtimua. Mbio hizo anazisimulia kwa raha zote, mpaka unadhani alikuwa analipwa. Lakini siku hizi macho yake yameanza kuingia ukungu, na alikuwa amemwambia mwanawe jambo moja tu: kabla hayajafunga kabisa, anataka kupita getini mchana kweupe, asalimiwe kama mgeni, kisha alale humo ndani bila kukimbizwa na mtu. Hoteli za mbugani sisi tunazisikia tu. Njia ilikuwa gari lile.

Basi tukaanza. Makanika aliamsha injini kwa matusi na maji ya moto. Rangi aliichagua mwenyewe, ya bei ya kutupa, na mvua ya kwanza tu ile alama nyekundu ya hospitali ubavuni ikachungulia tena chini ya nyeupe. Nikamwambia apake upya. Akasema kwa mbali haionekani. Nikamwambia watu hawatalitazama kwa mbali. Tulinuniana kutwa nzima, tukapatanishwa na chapati.

Machela ya humo ndani niliipeleka mimi nyumbani, nikiwa na mpango wa kuchuna ngozi yake. Mke wangu hakunipa nafasi. Aliitandaza uani, akaigeuza kichanja cha kuanikia mihogo, maana ina magurudumu na mvua ikija anaisukuma tu barazani. Akasema ndiyo zawadi pekee ya maana niliyowahi kumletea. Niliudhika, kwa sababu mimi nimemletea vitu.

Pale ilipokuwa machela nikaweka kitanda cha mbao na godoro la mkono wangu: sponji ngumu chini, laini juu, kitambaa cha zambarau, vifungo vimezama kama vitovu vya watoto wanene. Mito na mapazia vya rangi hiyohiyo. Makanika alichungulia akasema, "Wewe, hiki kitanda cha bwana harusi." Kwangu hiyo ilikuwa sifa. Mwalimu na mkewe wakalala humo nyuma ya nyumba yao, kulijaribu. Asubuhi walitoka wanatabasamu, na mimi nikavimba kichwa.

Hapo ndipo tulipoharibu mambo, na hakuna aliyeshtuka.

Siku ya safari tulifika Gorong'a mapema. Mzee alikuwa tayari ameketi nje, koti limepigwa pasi, kofia mpya, fimbo mkononi. Majirani walikuwa wamejaa uani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia huku anakuja moja kwa moja kwenye milango ya nyuma. Nilimfungulia mimi mwenyewe. Alipapasa godoro langu, akabonyeza kifungo kimoja, akabonyeza kingine. Nilikuwa nangoja sifa.

"Nani alilala hapa?" akauliza.

Mwalimu akamwita baba kwa Kikurya, akajibu kwa majivuno, "Mimi na mama watoto, tata. Tumelijaribu, liko vizuri sana."

Mzee akaufunga mlango taratibu. "Hii ni nyumba ya mwanangu," akasema. "Siingii."

Sote watatu ni Wakurya, tumelelewa tukijua kwamba baba haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe, sembuse kulala kwenye kitanda chao. Lakini nani anafikiria mila akiwa ameshika stepla? Sisi tuliona gari.

"Basi tata, kaa mbele na dereva," makanika akajaribu.

"Kati ya mbele na nyuma kuna nini?"

"Kuna kidirisha tu."

"Basi huko ni sebule na huku ni chumba. Nyumba ni hiyohiyo."

Jirani mmoja, mzee wa rika lake, akaingiza kichwa dirishani kuhakikisha. "Na jiko limo," akatangaza. "Lina jiko, lina pazia, mwanamke amelala humo. Mnataka nini tena ndipo mliite nyumba?"

Damu ilinichemka. Nikasema, "Lakini tata, nyumba gani ina namba ya usajili?"

"Ya mtu asiyetulia kwake," mzee akanijibu, na ua mzima ukaangua kicheko.

Nilikuwa na maneno mengine tayari, makali kuliko hayo, ila nikamtazama mwalimu. Alikuwa amesimama ameshika kitasa, anamtazama baba yake machoni. Ukungu ule wa macho haungojei mtu. Na mzee naye, pamoja na ukali wake, hakuwa ameondoka. Alisimama palepale na koti lake la pasi, na nikaona wazi kwamba anatamani kwenda kuliko sisi sote. Nilimwonea huruma, hasira yangu ikaisha.

Makanika akaninong'oneza sikioni, "Kichanja cha mkeo."

Alikodi pikipiki mpaka Nkende. Mke wangu aliitoa machela baada ya kuniahidisha kwa simu mambo ambayo sitayaandika hapa. Ikafungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, makanika ameikumbatia, na kila waliyempita barabarani alisimama na kuvua kofia akidhani ni msiba. Makanika, mshenzi yule, alikuwa anawapungia mkono.

Huku nyuma kitanda kiling'olewa, na godoro langu likashushwa mbele ya kijiji kizima. Watu walilipitishia mkono, wakalisifu, wakalilaza kwenye majani. Kuku mmoja akapanda akajinyoosha. Niligeukia pembeni.

Machela ilifika nyeupe kwa unga wa mihogo. Mzee akaizunguka.

"Hapa alilala nani?"

"Wagonjwa, tata," mwalimu akasema.

"Wa ukoo gani?"

"Wa koo zote."

Mzee akafikiri. "Basi si kitanda cha mtu," akasema. Jirani naye, baada ya kuhakikisha kwamba mapazia yametolewa na jiko limefungwa kwenye turubai juu ya paa, akatoa ruhusa kana kwamba gari ni lake. Mzee akapanda, akajilaza chali na fimbo kifuani, akaamuru tuondoke.

Mwalimu alikaa naye nyuma kwenye stuli. Mimi na makanika tulikuwa mbele, sebuleni. Tulipita mji wa Mugumu bila kusimama, maana mzee alikataa hata chai. Kila tulipokata kona alikuwa anauliza kama tumefika.

Getini alikuwepo askari kijana. Aliona ile alama nyekundu ubavuni, kwa mbali na kwa karibu pia. Akachungulia nyuma, akamwona mzee kwenye machela, mweupe mabegani kwa unga. Uso ukambadilika.

"Jamani, poleni," akasema. "Mtamalizana na makaratasi baadaye. Mpitisheni mzee, wahini!" Na akakimbia kuinua kizuizi.

Vibali tulikuwa navyo, mwalimu alishalipa kila kitu. Lakini kupitishwa mbio namna ile kulitufurahisha mimi na makanika kupita kiasi. Yeye alikwisha kuingiza gia, mimi nimejiziba mdomo nisicheke.

Fimbo ikagonga bati huko nyuma. "Simamisha!"

Mzee alishuka mwenyewe, akaukataa mkono wa mwanawe. Akajikung'uta unga, akaweka kofia sawa, akatembea hadi kwa yule askari.

"Mura," akamwambia, kama kwetu wazee wanavyowaita vijana, "mimi si mgonjwa. Hapa nimeingia mara nyingi kabla hujazaliwa, na wakubwa zako walinifukuza kila mara. Leo nimekuja kwa mlango. Funga huo mti wako."

Kijana akatutazama sisi. Mwalimu akamwonyesha vibali, akamwashiria kwa kichwa akubali.

"Funga," mzee akarudia. "Halafu nisalimie."

Kizuizi kikashuka. Kijana akavuta shati lake, akabana miguu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Karibu sana. Wewe ni mgeni wetu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mwalimu alikuwa analia waziwazi na hakujali. Kizuizi kikainuliwa tena, nami nikashuka kumfungulia mzee mlango, lakini hakuutazama. Alipita chini ya kile kizuizi kwa miguu yake, akashika barabara ya mbugani, na sisi tukamfuata kwa gia ya kwanza. Alitembea polepole kabisa, na hakugeuka nyuma hata mara moja kuangalia kama kuna anayemkimbiza.