Kuku ya Mulekera na Misalaba Yangu

Hata leo nikipita Mulekera, kule Beni, ninavuta kofia mpaka mu macho, juu haya ya ile siku haijaisha. Mimi Kasereka, mutu wa Butembo, ninachoraka picha za vitabu vya batoto (ndiyo, mutu muzima na ndevu yote, ninachora kuku). Nilifika Beni kwa dada yangu, nikamukosa, alikuwa ku kanisa, na mu lupango, ule uwanja wa nyumba ya jirani, nikaona kuku moja nyekundu, ile kabisa niliyokuwa natafuta kwa kitabu cha kuku anayeficha mayai. Nikajisemea, kuomba ruhusa itakula muda, nichore tu mbio mbio, nikiinama nyuma ya migomba.

Nikachora nyumba, mulango, njia, kiisha mishale ya kuonyesha kuku anapitia wapi, na misalaba kila fasi mayai iko.

"Papa, unaandika nini kwetu?"

Ilikuwa mama mwenye nyumba, jembe mu mukono. Na mimi, badala ya kusema kweli, nikaingiza karatasi ndani ya shati. "Hapana kitu, mama."

Hapo njo nilijiharibia mwenyewe. Batu bakajaa, bakanivuta shati, vifungo vikaanguka, tumbo inje, na kijana moja akanyanyua picha: "Muone, anaonyesha benzake mulango." Nikaogopa kabisa, juu kwetu huku mugeni anayejificha akichora nyumba ya batu, habamungojeaka amalize kueleza. Nikasema misalaba ni mayai. Hata mimi mwenyewe, kujisikia nikisema vile, sikuamini.

Shefu wa avenue, mukubwa wa ule mutaa, akafika, akaniangalia sana, akasema: "Kama njo kazi yako, chora kuku, tuone." Nikachora mbio mbio, kuku ikatoka na shingo ya mbuzi, na batu bakacheka mpaka bakaniachilia.

Lakini ule mama hakucheka. Akapasua ile picha, akaitia mu moto ya jikoni, akaniambia polepole: "Papa, bale balituuwia batu, balikuwa banajua milango yetu yote." Nikamuomba radhi. Ile haya ilinishika kupita ya shati.

Sasa ninapitia kwanza kwa shefu, kiisha ninasalimia lupango, na kreyo ya kuchorea inabaki mu sakoshi, mufuko wangu wa kazi, mpaka mwenye nyumba akubali. Kitabu kilitoka. Mule ndani nyumba haina mulango, na batoto banauliza kuku anapitiaka wapi. Ninabaambia sijui.