Mwandishi Hasemi

Mama hakuwa akiniuliza kama nimeswali. Alikuwa akishika taulo. Nikitoka bafuni huingia nyuma yangu, akalipapasa, apate kujua kama nimetia udhu kweli au nimefungua mfereji tu ili maji yasikike.

Tulihamia London miaka michache baada ya Mapinduzi, tukapanga Tooting, juu ya duka la vitambaa. Kule kwetu mama aliwahi kumwona jirani aliyekula naye sahani moja akimgeuka kutwa moja. Tangu hapo alijua kikulacho ki nguoni mwako, hakumwamini mtu. Tabia hiyo nimeirithi, ila mimi nawashuku zaidi wanaosali kwa sauti.

Basi siku niliporudi na riwaya ya Kimarekani niliyopewa chuoni, jaladani pana kanisa la mbao na msalaba, mama aliiondoa mezani kwa ncha za vidole. Wakati huo jirani yetu wa Kiingereza, bibi mwenye tabasamu lisilokwisha, alikuwa akituletea keki pamoja na vikaratasi vya kanisani kwao. Mama akaunganisha keki na kitabu.

"Wanakubatiza kidogo kidogo. Jana keki, leo hichi."

"Hadithi tu, mama. Ya skuli."

"Haya nisomee. Nikisikia mahubiri, huko chuo hwendi tena."

Hakuwa akitania, na mimi niliogopa, kwa sababu chuo ndicho kilichokuwa pumzi yangu. Kila alasiri yeye akisukuma chapati, mimi namfasiria. Ilikuwa hadithi ya mchungaji wa kijiji cha wakulima, na mwandishi wake ni wa wale wanaoandika maisha kama yalivyo, bila kupaka rangi. Aliandika matope ya viatu vya mchungaji. Aliandika mwanamke aliyepiga magoti huku jicho lake liko kwenye kofia ya mwenzake.

"Kumbe na wao!" Mama alicheka mpaka akaweka kifimbo cha chapati chini. "Kama sisi maulidini."

Halafu mtoto wa mchungaji akaugua. Baba yake alimwombea mpaka sauti ikamkauka. Daktari naye akaja na dawa, na homa ikashuka.

"Mungu kamjibu, au dawa?"

"Mwandishi hasemi."

"Hasemi vipi, naye ndiye aliyetunga?"

"Anaiacha hivyo hivyo."

Mama alifikiri, unga mikononi. "Basi ana adabu huyo. Hamsemei Mungu."

Nilifurahi upesi mno. Nilidhani chuo nimekiokoa, kumbe mama alikuwa ananitazama mimi, si kitabu.

"Na wewe, mwanangu? Ukisujudu, waona kuna anayekusikia?"

Uongo nilikuwa nao tele, lakini mama angeunusa kabla haujatoka mdomoni. Na ukweli wenyewe nilikuwa siujui.

"Mwandishi hasemi," nikamwambia.

Nilingoja anipokonye kitabu. Akakung'uta unga, akasema saa ya kuswali imefika. Nikaenda bafuni, nikafungua mfereji.

Nilipotoka alikuwa keshatandika miswala miwili, wake na wangu. Akanipita, akaingia kutia udhu wake, nami nikasimama kungoja alipapase taulo kama kawaida. Alirudi mikono na uso vikimchuruzika maji hadi kwenye zulia. Taulo hakuligusa.